Figo hatua ya 3b, kazi Kariakoo, chakula chote nakula nje. Chipsi naweza kuendelea nazo?

FundiWaAggrey

Habari za jioni wakuu.

Naomba msaada wa wenye uzoefu, hasa nyie mnaoishi na ugonjwa wa figo au mnaouguza ndugu.

Mimi ni fundi simu Kariakoo, umri miaka 36. Presha nilianza nayo nikiwa bado kijana. Mwezi uliopita nilipimwa nikaambiwa figo zimepungua nguvu, hatua ya 3b. Majibu ninayo hapa mezani: eGFR (kipimo cha uwezo wa figo kuchuja damu) 41, potasiamu 5.3, protini kwenye mkojo ipo, presha siku hiyo 158 kwa 96. Natumia dawa za presha, losartan na amlodipine. Miguu haijavimba, mkojo unatoka vizuri, kazini naenda kama kawaida.

Shida yangu ni chakula. Nakaa Mbagala, chumba kimoja, natoka alfajiri narudi saa tatu au nne usiku. Mke na mtoto wako Morogoro. Jumatatu hadi Jumamosi nakula nje. Asubuhi chai na chapati, mchana wali maharage kwa mama ntilie, usiku nikishuka kituoni ni chipsi. Chipsi mayai, au chipsi kavu na mishikaki miwili, na soda baridi ile nyeusi. Kibanda kiko palepale ninaposhukia na muda ule ndicho chenye moto.

Hospitalini daktari aliniambia mambo mawili: punguza chumvi, achana na vyakula vya mtaani. Foleni ilikuwa ndefu, nafasi ya kuuliza sikupata. Nikapewa karatasi ya chakula, nimeisoma mwanzo hadi mwisho. Inasema nile brokoli na stroberi, nipunguze jibini na siagi ya karanga za miti ambayo sijawahi kuiona dukani. Neno chipsi halimo. Ugali haumo, dagaa hawamo, maharage hayamo. Nimebaki na karatasi nzuri ambayo hainiambii usiku wa leo nikishuka kwenye gari nile nini.

Kwa hiyo nauliza wazi. Chipsi niache kabisa au kuna namna? Mishikaki? Soda? Na jirani yangu wa fremu kila siku ananisisitiza madafu, anasema yanasafisha figo. Nina mtoto wa miaka minne na sitaki kufika kwenye mashine ya kusafisha damu. Nielezeni kwa lugha ya kibandani.

MjukuuWaTanga

Pole sana mkuu. Hilo la madafu ni kweli kabisa, babu yangu alikuwa na mawe kwenye figo, akanywa madafu kila asubuhi na mawe yakatoka. Kunywa kabla hujala kitu, na maji lita tano kwa siku. Chipsi achana nazo, rudi kwenye mihogo na ndizi za kuchoma. Vyakula vyetu vya asili havina madhara.

SistaWaZamu

Mjukuu, najua unamtakia heri mwenzako, ila hapa naomba nikusimamishe. Babu yako alikuwa na mawe. Fundi hana mawe, yeye figo zenyewe zimepungua uwezo wa kuchuja. Ni magonjwa mawili, na kinachomfaa mmoja kinaweza kumuumiza mwingine.

Fundi, mimi ni muuguzi, nafanya kazi kitengo cha kusafisha damu hapa Dar. Faili lako sijalishika, kwa hiyo haya yachukue kama maswali ya kwenda nayo kliniki.

Katika majibu yako yote, namba iliyonishtua ni hiyo 5.3. Potasiamu ya kawaida kwenye damu ni 3.5 hadi 5.0. Kazi ya kuitoa ni ya figo, zikichoka inabaki kwenye damu, na ikipanda sana inavuruga mapigo ya moyo. Ubaya wake haipigi hodi. Nimepokea watu waliokuja kwa miguu yao wakilalamika uchovu tu, kipimo cha moyo kikaonyesha hatari. Losartan nayo huifanya potasiamu ibaki mwilini. USIIACHE kwa sababu nimesema hivyo, maana ndiyo dawa inayolinda figo zako na kupunguza hiyo protini kwenye mkojo. Ninachosema ni kwamba kwenye sahani ndipo wewe mwenyewe unapoweza kupunguza mzigo.

Turudi kwenye madafu. Glasi moja ya maji ya dafu ina potasiamu ya kulingana na ndizi mbivu moja au kuizidi, na dafu kubwa halitoi glasi moja tu. Kwa mwenye 5.3, tena kila siku, hapana. Mihogo na ndizi za kuchoma nazo zimejaa potasiamu, uasili wake hauiondoi. Na maji lita tano usianze kuyanywa bila daktari wako kukupangia kiasi.

Chipsi zina mambo mawili yaliyojificha pamoja, na watu wengi wanaliona moja. La kwanza ni potasiamu ya kiazi chenyewe. Sahani ya gramu 200 inaweza kubeba zaidi ya miligramu 1,000, wakati mgonjwa anayetakiwa kubana potasiamu mara nyingi hupangiwa kati ya 2,000 na 3,000 kwa siku nzima. Wewe mchana umeshakula maharage. La pili ni chumvi. Kiwango ni sodiamu chini ya gramu 2 kwa siku, yaani chumvi gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hicho ni cha siku nzima, pamoja na chumvi iliyomo kwenye chapati yako ya asubuhi na wali wa mchana. Chumvi inapandisha presha, presha inazimaliza figo, na juu ya hapo chumvi nyingi inaipunguzia losartan nguvu. Unameza dawa asubuhi, usiku sahani inaivuta nyuma.

Soda nyeusi, hiyo itoke kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Ina asidi ya fosforasi, kwenye chupa huandikwa E338. Fosforasi iliyomo kwenye maharage mwili unaichukua kwa sehemu tu, ila hii ya kiwandani inaingia karibu yote, na figo zikishindwa kuitoa inaharibu mifupa na mishipa ya damu. Soseji pia, soma pakiti, ukiona E450, 451 au 452 ni hizohizo fosfeti.

Mawili ya haraka. Madukani kuna chumvi inayouzwa kwamba ina sodiamu kidogo, inafaa watu wa presha. Nyingi ya hizo wameweka potasiamu kloridi mahali pa sodiamu, kwa hiyo kwako ni mbaya kuliko chumvi ya kawaida. Na mafundi simu shingo na mgongo huwa vinauma kutwa kwa kuinama. Diclofenac na ibuprofen usiguse, zinaziumiza figo. Muulize daktari kuhusu paracetamol.

FundiWaAggrey

Sista Mungu akubariki. Nimekaa na karatasi zangu wiki zote hizi na hakuna aliyeniambia kwamba ile 5.3 ndiyo ya kuangaliwa. Soda nimeshaiaga. Diclofenac zimetoka kwenye droo leo hii. Jirani wa madafu nitamwonyesha ulichoandika.

Sasa nisaidieni pale kibandani. Nikisema "usiweke chumvi" inatosha? Na nyama yenyewe vipi?

MamaKarai_Tandika

Mwanangu pole. Mimi nakaanga chipsi Tandika miaka mingi, na mume wangu figo zake ziko hatua ya nne. Ngoja nikueleze jinsi chumvi inavyoingia, kila kitu kwa zamu yake, kwa sababu mteja anaona mwisho tu.

Chipsi zenyewe chumvi yake inaingia mwisho kabisa. Asubuhi tunamenya viazi, tunakata, tunaloweka kwenye ndoo visiwe vyeusi, tunakaanga nusu na kuviweka pembeni. Mteja akija tunavirudisha kwenye mafuta, tunavitoa, tunamimina kwenye sahani, ndipo kopo la chumvi lenye matundu linapita juu. Kwa hiyo sema kabla hajachota. Ukisema wakati sahani iko mkononi atazikung'uta kidogo na kukupa zilezile, chumvi imeshashika mafuta.

Yai pia unaliwahi. Linapasuliwa mbele yako kwenye kikombe, anachukua kijiko, anachota chumvi, anapiga. Simama karibu.

Penye shida ni nyama. Mishikaki yangu inalala usiku kucha kwenye ndoo na papai bichi, tangawizi, kitunguu saumu na chumvi. Jioni ikifika juu ya mkaa, chumvi iko hadi kwenye moyo wa nyama, na muuzaji hata akitaka kukusaidia hawezi. Kuku tunamchemsha kwanza na chumvi, ndimu, na vile vipande vya mraba vya kiungo cha mchuzi, ambavyo karibu nusu yake ni chumvi. Ndipo anakwenda kwenye karai. Ndiyo sababu kuku wa kibandani ni mtamu hata mfupa wake. Soseji imekuja na chumvi yake kutoka kiwandani. Kwa hiyo pale kibandani nyama yako ni yai.

Na kachumbari hii watu hawaijui: vitunguu tunavifikicha na chumvi vitoe ukali, kisha tunasuuza. Wateja wakiwa wengi tunasuuza mara moja tu. Omba kabichi na tango lililokatwa sasa hivi, kamulia ndimu, weka pilipili mbichi. Chupa ya tomato na ya chilisosi ziache mezani.

Kuhusu hiyo potasiamu Sista amesema kweli, na naongeza kwamba ile ndoo yetu ya kulowekea haikusaidii. Ni ya rangi tu. Mtaalamu wa lishe wa mume wangu alinifundisha hivi: kata kiazi kidogokidogo, kiwe chembamba, chemsha kwenye maji mengi, maji yote mwaga, ndipo ukaange. Ukichemsha hivyo karibu nusu ya potasiamu inaweza kutoka na maji. Yale maji usiyaweke kwenye mchuzi. Mwanzoni vilikuwa vinanivunjikia kwenye karai, vinanyonya mafuta vinakuwa kama uji. Sasa navitoa majini vikiwa bado vina ugumu kidogo katikati, natandaza kwenye kitambaa safi vikauke kabisa, na mafuta nayaacha yachemke kweli. Vinashika rangi. Havilii kaukau kama chipsi zangu za biashara, lakini baba watoto anakula kiganja kimoja Jumamosi na yai na kabichi, anafurahi, na vipimo vyake daktari hajavilalamikia.

Siku nyingine za wiki tafuta mama ntilie anayefunga usiku, Mbagala wapo. Ugali wetu haupikwi na chumvi, hilo ni jambo kubwa kwako, wakati wali umetiwa. Ugali wa sembe, samaki mbichi wa kukaanga, kabichi. Samaki mwambie akuwekee mmoja kabla hajapaka chumvi, ukiwa mteja wa kila siku atakuelewa. Ng'onda na dagaa wa chumvi hapana. Mchicha uwe umechemshwa na maji kumwagwa. Maharage kula vijiko vichache, na uulize kama ametia magadi, maana magadi nayo ni sodiamu.

BintiMkunazini

Assalaam aleikum. Samahani naingilia kidogo. Mama yangu yupo Unguja, figo zake hatua ya nne, na hakuna kitu anachokipenda kama urojo wa jioni. Akisikia harufu tu anauliza "leo hata kibakuli kidogo?" Namwonea huruma. Nimpe?

SistaWaZamu

Waaleikum salaam mdogo wangu. Uhesabu kilichomo: viazi, ukwaju au embe mbichi kwenye urojo wenyewe, badia, chatini, chipsi za mhogo juu. Karibu kila kimoja kina potasiamu yake, na chumvi imetiwa kwenye urojo na kwenye badia. Mtengenezee nyumbani: viazi vilivyochemshwa kama alivyoeleza Mama Karai, urojo mwepesi wa unga wa ngano na bizari wenye ndimu kidogo, badia moja uliyoikaanga wewe bila chumvi. Hatapata ladha ileile, nakwambia ukweli, lakini atakuwa na bakuli mkononi.

Kitu kimoja kiwe mwiko nyumbani kwenu: birimbi. Si ya kutafuna na chumvi, si ya achari, si juisi. Ina asidi ya oksaliki nyingi mno, na imewahi kuwaharibia figo hata watu waliokuwa wazima kwa kunywa juisi yake. Na ndugu yake, lile tunda la njano ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, lina sumu ambayo figo nzima huitoa na figo mbovu haiwezi. Mgonjwa anaanza kwikwi zisizokoma, anachanganyikiwa, wengine hupata degedege. Waambie na majirani wanaomletea matunda.

KitandaChaDirishani

Fundi, mimi niko upande ule usioutaka. Nakwenda kwenye mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila safari. Sikutishi, nataka ujue tu kwa nini chumvi inapigiwa kelele.

Nikila kuku wa kukaanga wa dukani Jumamosi, Jumapili kutwa koo linakauka. Kiu ile huishindi kwa nia, ni chumvi inadai maji yake. Unakunywa, mkojo haupo, maji yanakaa mwilini. Jumatatu unapanda mzani na uzito umezidi, mashine inalazimika kuyavuta mengi kwa saa zilezile nne, na katikati ya safari presha inaanguka, misuli ya miguu inakaza hadi unalia. Muuguzi anakuinulia miguu, anapunguza kasi. Yote hayo yanatokana na sahani moja.

Wewe bado unakojoa, bado una 41. Tunza hiyo.

Halafu usije ukaiga chakula cha mtu wa mashine. Sisi protini tunaambiwa tuongeze, gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito, kwa sababu mashine inatupotezea nyingine. Wewe ambaye hujafika huku kwa kawaida ni kama 0.8. Nimeona watu wanakutana kliniki wanapeana ratiba za chakula, mmoja wa hatua ya tatu na mwingine wa mashine, na wote wawili wanaumia.

MjukuuWaTanga

Sista, nimekusoma. Fundi, yale ya madafu niliyoandika juu usiyafuate. Babu alikuwa na kitu kingine.

FundiWaAggrey

Wakuu, nimerudi. Jana usiku niliposhuka nilimwambia kijana wa kibandani kabla hajagusa kopo. Akaniuliza, "Kaka, una presha?" Nikamwambia figo. Akasimama kidogo, akasema mama yake mdogo naye anaambiwa figo. Amenipigia mayai mawili bila chumvi, chipsi nusu ya sahani, kabichi na ndimu. Ladha bado ni ngeni, pilipili imenisaidia sana. Chakula cha aina hiyo nitakiweka siku moja kwa wiki, siku zilizobaki nimempata mama mmoja wa ugali karibu na stendi anayefunga saa nne, leo nakwenda kuongea naye habari ya samaki.

Kliniki nimesogeza tarehe, nakwenda wiki hii kurudia potasiamu, na nitaomba kuonana na mtu wa lishe.

Mama Karai, hivyo viazi vya kuchemsha kwanza, huwa unawauzia na wateja au ni vya nyumbani tu?

MamaKarai_Tandika

Nawauzia mwanangu, ila mteja aniagize kabla ya saa kumi jioni, nikishawasha karai la biashara sufuria haipati nafasi. Bei ni ileile ya sahani. Na huyo kijana wako mweleze namna ya kukausha kwa kitambaa, mwambie mkaa usiwe mdogo. Akitaka anipigie nimwelekeze, namba nakutumia kwenye ujumbe wa ndani, hapa hadharani siweki.